Andikeni Maili Kwenye Daftari la Michango

Kilikuwa kikao cha tatu cha kamati ya harusi, Jumapili jioni, chumba cha juu cha mgahawa mmoja Gerezani. Mimi nilikuwa mweka hazina. Mwenyekiti anasoma majina, watu wanataja ahadi, nami naandika: laki mbili, laki na nusu, kreti kumi za soda, kilo hamsini za mchele wa Kyela. Zamu ikamfikia shangazi yake bwana harusi, mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, mtu wa kwenda na kurudi Guangzhou miaka nenda miaka rudi. Akasema, "Wanangu, hela yangu mwezi huu iko kwenye kontena, na kontena bado liko bandarini. Ila nina maili za ndege, nyingi tu. Niandikieni tiketi mbili za fungate."

Chumba kizima kikacheka. Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, akamjibu kwa upole: "Mama, tukianza kuandika maili, kesho mtu ataleta ahadi ya upepo. Hapa tunatafuta hela ya ukumbi. Fungate ni yao wenyewe, wakijaliwa wataenda." Shangazi akanyamaza. Kisha akaahidi laki moja ambayo hakuwa nayo, na hiyo ndiyo niliyoiandika. Vijana wale walioana, watu walikula wakasaza, msafara wa magari ukazunguka mjini na honi zake, na fungate yao ikawa siku mbili za kuhesabu viti na masufuria ya kukodi kabla ya kuyarudisha kwa wenyewe.

Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu hapo, na kicheko kile nimekisikia tena na tena. Ndiyo kauli ya mji mzima. Kwamba mchango ni hela taslimu au kitu cha kuliwa usiku ule. Fungate ni nakshi ya wenye uwezo, jambo la kuiga. Na maili za ndege ni kama kalenda ya mwaka mpya, kizawadi cha shirika kisichomlisha mtu. Naipinga kauli hiyo kwa kila hali. Maili za mfanyabiashara wa Kariakoo ni mali iliyotoka jashoni mwake, fungate ni desturi yetu kuliko keki ya ngazi tano, na kamati inayokataa kuandika ahadi kama ya shangazi inatupa mchango mkubwa kuliko mingi iliyomo daftarini.

Tuanze na neno lenyewe, maana anayesema fungate ni mambo ya Wazungu anatumia neno linalomkanusha papo hapo. Fungate ni saba. Kabla saba ya Kiarabu haijakaa kwenye ndimi zetu, namba hiyo ilikuwa na jina lake la Kibantu, na ndugu zake wangali hai: Msukuma akihesabu hadi leo, baada ya sita anasema mpungate. Pwani, fungate ilikuwa siku saba ambazo maharusi walikaa ndani. Hawatumwi sokoni, hawapiki, hawachoti maji. Chakula kinaingia kimefunikwa kawa, kinatoka chombo kitupu. Somo yuko karibu, watoto wanafukuzwa mlangoni, na mtaa mzima unajua kwamba ndani ya chumba kile kuna watu wawili ambao kwa siku saba hawadaiwi kitu na mtu yeyote. Hakuna Mzungu aliyetufundisha hayo.

Kilichobadilika ni nyumba. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule na uani kisima, imebomolewa kiwanja baada ya kiwanja, na juu yake yamepanda maghorofa ya fremu za maduka. Vijana wanaooana leo wanarudi kwenye chumba na sebule cha kupanga Mbagala au Tabata, ukuta mmoja na jirani mwenye redio. Jumatatu mwajiri anamtaka bwana harusi kazini, na kama ana duka, wateja wanapiga simu tangu saa moja asubuhi. Siku saba za kukaa ndani haziwezekani tena ndani. Anayetaka kuzitunza hana budi kuondoka mahali anapojulikana, aende kwenye chumba ambacho mtu mwingine anatandika kitanda na mtu mwingine anapika. Kwa hiyo kijana anayepanda ndege na mkewe wiki moja baada ya ndoa simhesabu kuwa ameiga. Amefanya alichofanya babu yake kwa njia pekee ambayo mji huu umemwachia.

Haya, maili. Mashirika ya ndege yalianza kuhesabia abiria maili kwa mpango mkubwa mwaka 1981, American Airlines ilipoanzisha AAdvantage tarehe 1 Mei. Wazo lilikuwa jepesi: abiria anayerudi kwetu tumwandikie umbali aliosafiri, na ukifika kiwango fulani tumpe kiti. Ni mali au ni upepo? Angalieni kilichotokea wakati wa korona, ndege zilipolala viwanjani na mashirika yakakosa hela ya mishahara. Mwaka 2020 United Airlines iliweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus, ikapata dola bilioni 6.8. Mwaka uliofuata American Airlines nayo ikaweka AAdvantage, ikapata dola bilioni 10. Wakopeshaji wa dunia hii hawatoi mabilioni kwa dhamana ya kalenda ya mwaka mpya. Walijua maili zinanunuliwa na benki, zinatafutwa na watu, na kila moja ina bei. Asiyeijua bei hiyo ni yule tu aliyezichuma.

Na hapa kwetu tulikwisha pata somo la aina hii, ila tumelisahau. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa faida iliyotokana na fedha zao zilizokuwa zimekaa kwenye akaunti za amana benki. Miaka yote ya nyuma watu waliamini kwamba chochote kinachozaliwa na salio lao ni cha kampuni. Siku meseji ya gawio ilipoingia, hakuna niliyemwona akiirudisha. Kule Kenya, Bonga Points za Safaricom zilizoanza 2007 zimekuwa zikinunua muda wa maongezi na simu, na mwaka 2020 zikaruhusiwa kulipia bidhaa dukani. Mama wa Nairobi akilipia unga kwa pointi hakuna anayemcheka. Sisi tunacheka tiketi ya ndege.

Najua wapo vijana mjini ambao wamekwenda upande wa pili kabisa. Wanatazama video za Wamarekani wanaosema walikwenda fungate Maldives bila kulipa hata senti, kwa kufungua kadi tatu za mkopo na kupewa pointi za ukaribisho. Na hao pia siwaungi mkono. Mpango ule umejengwa juu ya nchi ambayo kila mtu ananunua hata maziwa kwa kadi ya mkopo. Dar es Salaam tunalipa taslimu na kwa simu, na anayekopa kwa riba za hapa ili akusanye pointi ataimaliza fungate akiwa na mke, deni na barua ya benki. Simshauri mtu aruke ili apate maili, wala akope. Nasema juu ya maili ambazo zimekwisha kuchumwa, zimelala, na zinakufa.

Nani anazo? Njooni Kariakoo. Simama pembeni ya mtaa wa Narung'ombe au Aggrey saa nne asubuhi, uangalie robota zinavyoshushwa, vitenge, viatu, taa, vipuri vya simu, halafu jiulize zimefikaje. Mzigo ulikuja na meli, lakini mwenye mzigo alikwenda kwa ndege. Alikwenda Guangzhou kufunga mzigo, au Dubai, au Istanbul. Wapo wanaokwenda mara mbili kwa mwaka na wapo wanaokwenda kila msimu. Alipita Addis Ababa na Ethiopian, au Doha na Qatar Airways, au Dubai na Emirates, au Nairobi na Kenya Airways, na siku hizi Air Tanzania nayo inafika Guangzhou. Hao ndio wasafiri wakubwa wa mji huu. Waheshimiwa na wakurugenzi wanaosafiri kwa tiketi za ofisi hawafiki nusu ya nyendo za mama mmoja wa vitenge. Na kila shirika kati ya yale manne ya mwanzo lina daftari lake la maili: Emirates wana Skywards, Qatar wanahesabu kwa Avios tangu 2022, Ethiopian wana ShebaMiles ambazo zinaweza kutumika pia kwenye mashirika wenzao wa Star Alliance, Kenya Airways wana Asante Rewards. Kujiunga hakulipiwi. Unajaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, unapewa namba, basi.

Jina la Kariakoo limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa. Wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi kabla ya kupokea ujira, na fedha nyingi zilizoandikwa kwa majina yao hazikudaiwa na mtu. Silinganishi mateso yao na safari ya Guangzhou, Mungu aniepushe. Lakini kila ninapopita mtaani nakumbuka kwamba tunafanya biashara juu ya ardhi iliyoitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo na haki zao zikabaki kwenye madaftari ya wengine. Inanitia uchungu kuona wabeba mizigo wa leo nao wanaacha chao kwenye daftari la mwingine, safari hii bila kulazimishwa na mtu.

Baada ya ile harusi nilikwenda dukani kwa shangazi kumwomba radhi. Alinikaribisha kigoda nyuma ya kaunta, akaagiza chai, kisha akainama chini ya meza akatoa kopo la biskuti lililobonyea. Ndani, vimefungwa kwa mpira, vilikuwa vipande vya kadi za kupandia ndege vya miaka mingi, vingine wino umefifia hadi huoni jina. Alikuwa ameviweka kama mtu anavyoweka risiti za kiwanja. Tukafungua akaunti yake kwenye simu, tukaweka vipande juu ya kaunta kimoja kimoja na kulinganisha. Safari sita zilikuwemo. Safari nne hazikuwemo kabisa. Wakala aliyemkatia tiketi hakuweka namba yake ya uanachama, na yeye hakujua kama inawekwa. Tuliandika kudai, tukajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Akavikusanya vile vinne, akavifunga peke yake kwa mpira mwingine, akavirudisha koponi. Hakusema kitu. Mteja aliingia, akainuka kumpimia doti mbili.

Hiyo ndiyo hasara ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote: maili ambazo hazikuandikwa kabisa. Ya pili ni maili zinazokufa zikiwa zimeandikwa. Maili za Skywards huishi miaka mitatu, kisha hufutwa mwisho wa mwezi aliozaliwa mwenye akaunti. Avios za Qatar hufa zikikaa miezi 36 bila kuongezwa wala kutumiwa. Mfanyabiashara ambaye mwaka jana aliacha kusafiri kwa sababu mtaji umebana, au kwa sababu siku hizi anaagiza kwa simu na kumwachia wakala wa kule afunge mzigo, anadhani maili zake zinamsubiri. Hazimsubiri.

Sasa nije kwenye hoja ambayo naiheshimu, maana zile nyingine ni za kicheko na hii ni ya akili. Wapo wafanyabiashara wanaoniambia: dada, sawa, maili ni mali, lakini zimezaliwa na mtaji na zirudi kwenye mtaji. Nikizitumia kwenda Guangzhou mara ijayo, nimeokoa nauli, nimeongeza mzigo. Kuwapa maharusi ni kula mbegu.

Ingekuwa kweli kama kiti cha maili kingekuwa kiti chochote. Sivyo kilivyo. Shirika hutenga viti vichache kwa ajili ya maili, na huvitenga zaidi siku ambazo ndege haijai. Safari ya biashara ina tarehe yake: maonyesho ya bidhaa ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, huwa majira ya kuchipua na majira ya vuli, na wakati huo dunia nzima inaelekea kule. Huwezi kumwambia mwenye kiwanda akusubiri mpaka kiti cha maili kipatikane. Zaidi ya hayo, mfanyabiashara huchagua tiketi kwa kilo za mzigo, na tiketi unayoilipia ndiyo inayokuzalishia maili nyingine, wakati ile ya maili kwa kawaida haizai kitu. Basi kutumia maili kwenye safari ya mzigo ni kuzipeleka mahali ambapo ni adimu kupatikana na ambapo hazizai. Maharusi wao wanaweza kwenda Jumanne badala ya Ijumaa. Wanaweza kwenda wiki ya pili baada ya ndoa. Wanaweza kwenda Nairobi, Johannesburg au Mauritius, ambako pasipoti ya Tanzania inaingia kutalii bila kuomba viza kabla, ikiwa huko ndiko kiti kilikoonekana. Mtu mwenye uhuru wa tarehe ndiye ambaye maili zilitungwa kwa ajili yake. Mtaji ubaki na kazi ya mtaji.

Wanaosema "tiketi ya maili si bure, kodi utalipa" wanasema kweli, na sitaki mtu aende kwa wakala akashangae. Kodi za viwanja vya ndege hulipwa taslimu, na mashirika mengine huongeza tozo yao humo humo, wakati mwingine nzito. Ndiyo maana hesabu ifanywe kabla, na hesabu yenyewe ni ya mtu yeyote anayejua kuuza kwa jumla. Tuseme, kwa mfano tu, tiketi ya mahali fulani inauzwa shilingi 900,000, na kwa maili unatakiwa ulipe maili 30,000 na kodi 350,000. Toa kodi kwenye bei: zinabaki 550,000. Gawanya kwa maili 30,000, kila maili imekufanyia kazi ya shilingi 18 na senti kidogo. Mahali pengine tiketi inauzwa 1,600,000, maili 40,000, kodi 400,000. Huko kila maili imefanya kazi ya shilingi 30. Nenda huko. Na mahali ambapo kodi imekaribia bei ya tiketi yenyewe, lipa taslimu uziache maili zikae. Mama anayejua kwamba doti ya kitenge ikinunuliwa kwa robota inashuka hivi na kwa rejareja inapanda hivi hahitaji kufundishwa haya mara mbili.

Kwa kipimo hicho hicho, Unguja haihitaji maili. Ukisimama upande wa bandari karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu asubuhi utawaona, bibi harusi na hina yake mikononi bado mbichi, wanapanda boti kwenda Zanzibar na begi moja. Wanalipa taslimu, wamefika baada ya saa mbili hivi. Ni fungate nzuri na sina neno nayo. Tena wageni wa Ulaya wanaovuka bahari hadi Nungwi na Paje kwa fungate zao, wengine wamefika kwa Turkish Airlines au Qatar Airways zinazotua hapo hapo Unguja, na wapo waliolipia kiti kwa maili. Wao wamezitumia kuja kulala kwenye mchanga wetu. Maili zako zitunze kwa pale ambapo nauli ni ya kuumiza, kule ambako bila hizo usingefika.

Nirudi kwa mwenyekiti na ahadi ya upepo, kwa sababu hofu yake ina msingi. Daftari la michango linajaa ahadi zisizotimia, na mweka hazina ndiye anayebaki na aibu ya kupiga simu. Lakini linganisheni. Anayeahidi laki tano kwa mdomo hatuoni mfuko wake. Anayeahidi maili anaweza kutuonyesha salio kwenye simu pale pale kikaoni, na tarehe ya kufa kwake. Akipenda, tiketi inaweza kukatwa wiki hiyo hiyo kwa majina ya maharusi, kwa sababu mashirika mengi hufungua viti takriban miezi kumi na moja kabla ya safari, na mwenye maili anaruhusiwa kumkatia ndugu yake. Ikikatwa imekatwa, ikiwa mambo yataharibika, kuna ada ya kubadilisha au kurudisha, na ndiyo maana nasema kwanza tarehe ya ndoa ithibitishwe kwa shehe au padri. Nionyesheni ahadi nyingine yoyote kwenye daftari letu inayoweza kuhakikiwa hivyo. Ahadi ya upepo ni ile ya mdomo, na hiyo tunaiandika kila Jumapili bila kuuliza.

Tena maili za watu wawili watatu wa nyumba moja zinaweza kukutana. Emirates, kwa mfano, wana mpango wa familia ambao watu wa nyumba moja hukusanya maili zao kwenye kapu moja. Baba ana zake kidogo, kaka ana zake, mama wa vitenge ana nyingi: peke yake hakuna anayefika, pamoja wanafika. Hivi sivyo tunavyochanga sisi siku zote? Upatu, kikoba na mchango wa msiba vinafanya kazi hiyo hiyo, isipokuwa hapa fedha yake inaitwa maili.

Kuna jambo moja la kulikataa kabisa, nalo linaanza kunong'onwa mtaani: kununua na kuuza maili mkononi. Mashirika yanakataza, na yakigundua hufunga akaunti na kufuta tiketi, hata kama abiria amekwisha fika uwanjani na gauni lake kwenye begi. Maili ni za kumpa mtu wako. Kwa hiyo mahali pake ni pale pale kwenye mchango, mkono kwa mkono, shangazi kwa mpwa, na wala si kwenye soko.

Na jambo dogo ambalo limeharibu safari kubwa: jina. Bibi harusi asikatiwe tiketi kwa jina la mume kwa sababu tu kadi za mwaliko zimeandikwa hivyo. Tiketi ifuate pasipoti. Kama pasipoti inasoma jina la baba yake, tiketi isome jina la baba yake, mengine watabadilisha wakirudi. Nimewahi kuwaona maharusi kaunta ya uwanja wa ndege wakibishana kwa machozi juu ya neno moja, na foleni nyuma yao ikisonga kwenda kwenye ndege waliyopaswa kupanda.

Sisemi ukumbi usilipiwe. Watu wetu wanapenda kula pamoja na ni haki yao. Ninachokataa ni kikao kinachokaa saa tatu kujadili rangi ya vitambaa vya viti, kikaita hiyo harusi, halafu siku saba za watu wawili ambao kwa ajili yao tumekusanyika zikapewa sentensi moja ya "wakijaliwa wataenda." Usiku wa ukumbi ni wetu sisi wageni. Fungate ndiyo sehemu pekee ya harusi ambayo ni ya maharusi. Mchango unaokwenda huko ndio unaowafikia wao wenyewe, na, ukiondoa kodi za tiketi, mara nyingi hautoi hata shilingi kwenye mtaji wa mtoaji.

Kwa hiyo nawaomba makatibu na waweka hazina wenzangu wa Dar es Salaam: kwenye daftari lijalo, baada ya safu ya fedha na safu ya vitu, pigeni mstari muweke safu ya tatu, maili. Katika kikao cha kwanza, kabla ya bei ya ukumbi, ulizeni ni nani kati yetu anayesafiri, na akisema mtu asicheke. Na wewe shangazi, mjomba au kaka unayesoma haya huku safari ya mzigo imekaribia, kabla hujamlipa wakala hela ya tiketi mpigie simu, umsomee namba yako ya uanachama, kisha mwambie akurudishie kwa kuisoma yeye.